Kutoka Kuona hadi Kuhesabu Pembe: Ufundishaji wa Maumbo ya Kijiometri katika Madarasa ya Chini na Nafasi ya Majina ya Kiswahili

Utangulizi

Mwalimu wa Darasa la Pili anapochora mraba ubaoni, upande wake mmoja ukiwa sambamba na ukingo wa chini wa ubao, wanafunzi hulitaja jina lake bila kusita. Akiufuta na kuuchora tena mraba uleule ukiwa umesimama juu ya ncha yake, sauti hugawanyika. Wapo wanaosema kuwa sasa ni kishada. Wapo, hasa waliozoea kuwatazama wakubwa wakicheza karata, wanaosema kuwa ni uru. Na wapo wanaonyamaza. Hakuna upande uliorefushwa wala pembe iliyobanwa. Kilichobadilika ni mkao peke yake, lakini kwa mtoto wa umri huo mkao nao ni sehemu ya umbo.

Kosa hili huhesabiwa kuwa dogo, la kitoto, litakalojirekebisha lenyewe. Mara nyingi halijirekebishi. Hujificha kwa miaka mitatu minne, kisha hujitokeza mwanafunzi anapotakiwa kutafuta eneo la pembetatu kwa kutumia kitako na kimo. Aliyezoea kuamini kuwa pembetatu ni lile umbo lenye ncha juu na mstari wa kulala chini, hukitafuta kitako chini ya mchoro hata pale ambapo chini hakuna mstari wowote wa kulala. Hupewa pembetatu iliyolala ubavu akashindwa kuipata kimo, na mwalimu huandika kuwa mwanafunzi hajui kanuni. Kanuni anaijua. Asichokijua ni pembetatu.

Makala hii inaeleza chanzo cha tatizo hilo na namna linavyoweza kushughulikiwa katika madarasa ya chini ya shule za msingi za Tanzania, ambako somo hufundishwa kwa Kiswahili. Hoja yake kuu ni kwamba majina ya Kiswahili ya maumbo ni nyenzo ya kufundishia ambayo haijatumika vya kutosha, na kwamba majina hayo hayako sawa: baadhi yanamwongoza mtoto kwenye sifa za umbo, na mengine yanamfungia njia.

Jicho linavyoona

Mwaka 1957, Pierre van Hiele na mkewe, Dina van Hiele-Geldof, walimu wa hisabati nchini Uholanzi, walikamilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Walichokuwa wakikitafuta ni sababu ya wanafunzi wenye bidii kushindwa kuelewa jiometri hata walipoelezwa mara nyingi. Jibu lao lilikuwa kwamba fikra za kijiometri hupita katika viwango, na kwamba mwalimu na mwanafunzi walio katika viwango viwili tofauti hutumia maneno yaleyale kwa maana mbili tofauti. Katika kiwango cha kwanza, umbo hutambuliwa kwa sura yake nzima: hiki ni mstatili kwa sababu kinafanana na mlango. Katika kiwango cha pili, umbo hutambuliwa kwa sifa zake: hiki ni mstatili kwa sababu kina pande nne na pembe zake zote ni pembe mraba. Katika kiwango cha tatu, sifa zenyewe huhusianishwa, na hapo ndipo mwanafunzi anaweza kukubali kuwa mraba ni aina mojawapo ya mstatili. Viwango vingine viwili vya juu vinahusu uthibitisho na mifumo ya kinadharia, navyo havihusiki na madarasa ya chini.

Jambo lenye uzito zaidi katika nadharia hiyo ni dai kwamba mtu hapandi kutoka kiwango kimoja hadi kingine kwa kukua tu. Hupandishwa na mafundisho. Mtoto anayeonyeshwa pembetatu zilezile, katika mkao uleule, kuanzia darasa la awali hadi Darasa la Tatu, atabaki katika kiwango cha kwanza hata akifikisha miaka 15.

Van Hiele na mkewe walijishughulisha hasa na wanafunzi wakubwa kuliko wanaojadiliwa hapa, lakini watafiti wa baadaye waliipeleka hoja yao kwa watoto wadogo. Utafiti wa Douglas Clements na wenzake uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1999, uliowahusu watoto wa miaka mitatu hadi sita, ulionyesha kuwa duara ndilo linalotambuliwa kwa urahisi zaidi, likifuatiwa na mraba, huku pembetatu na mstatili vikiwatatiza wengi. Mpangilio huo unaeleweka. Duara ni duara kwa vyovyote utakavyoligeuza. Miraba yote inafanana kwa umbile na hutofautiana kwa ukubwa na mkao tu. Pembetatu, kwa upande wake, zina sura zisizo na idadi: nyembamba kama mwiba, pana kama paa la kibanda, zilizoinama, zilizopinduka. Mtoto aliyeonyeshwa moja tu kati ya hizo hawezi kuzijua nyingine kwa kukisia.

Jina linalohesabika

Hapa ndipo Kiswahili kinapompa mwalimu faida ambayo baadhi ya lugha nyingine hazina. Neno pembetatu limebeba kipimo chake ndani yake. Mtoto wa Darasa la Kwanza hahitaji kukariri maana. Anahitaji kuulizwa ahesabu. Hali ni hiyohiyo kwa pembenne, pembetano na pembesita. Mwanafunzi anayejua kuhesabu hadi sita na kuonyesha pembe kwa kidole ana kila kinachohitajika ili kuamua, kwa akili yake mwenyewe, kama mchoro ulio mbele yake unastahili jina alilopewa. Aliyezaliwa katika Kiingereza au Kifaransa hulipata jina la pembetatu likiwa limejengwa kwa mizizi ya Kilatini asiyoijua.

Hata hivyo, faida hiyo haitumiki yenyewe. Katika masomo mengi jina hutamkwa kama sauti moja isiyogawanyika, kama vile mtu anavyosema meza au kiti, na watoto huitikia. Swali linalolifungua jina ni rahisi mno: kwa nini linaitwa pembetatu? Darasa likishajibu swali hilo mara moja, na kila mmoja akagusa pembe moja, ya pili, ya tatu, basi pembetatu iliyolala ubavu haina tena pa kujifichia.

Neno pembe lenyewe linahitaji uangalifu. Kabla ya kuwa istilahi ya hisabati, pembe ni ile ya ng'ombe na ya ndovu: kitu chenye ncha, kinachochoma. Ni kawaida kwa mtoto mwenye picha hiyo kuzihesabu pembe kali za umbo na kuiacha pembe butu, kwa kuwa kwake ncha isiyochoma si pembe. Akionyeshwa pembetatu pana sana, anaweza kusema ina pembe mbili. Mwalimu hana sababu ya kulikwepa neno hilo na kukimbilia kona, ingawa watoto wa mijini hulitumia zaidi. Inatosha kuwaonyesha kuwa pembe ni mahali pande mbili zinapokutana, ziwe zimebanana au zimeachana, na kuwaruhusu wapitishe kidole juu ya ukingo wa kadi hadi kidole kilazimike kubadili mwelekeo. Kila kinapogeuka, ni pembe moja.

Kuhesabu pembe nako hakumalizi kazi. Chukua chapati, uikate vipande vinne vilivyo sawa, kisha ushike kipande kimoja. Kina pembe tatu, hakuna ubishi. Je, ni pembetatu? Kwa jina lake, ndiyo. Kwa hisabati, sivyo, kwa kuwa upande wake mmoja umepinda. Mfano huu una thamani kubwa darasani kwa sababu unawalazimisha wanafunzi kuona kuwa jina limewafikisha nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni sifa mbili ambazo jina halikuzitaja: pande ziwe zimenyooka, na umbo liwe limefungika. Watoto wakizigundua sifa hizo wenyewe kutokana na kipande cha chapati, hawazisahau kama wanavyosahau ufafanuzi ulioandikwa ubaoni na kunakiliwa daftarini.

Mraba na mstatili

Majina haya mawili yana historia nyingine. Yote mawili yametoka katika Kiarabu. Mraba unatokana na mzizi wenye maana ya nne, mzizi uleule uliozaa robo na arobaini katika Kiswahili. Mstatili unatokana na neno lenye maana ya kilichorefuka. Kwa mzungumzaji wa leo, mizizi hiyo imefunikwa. Hakuna mtoto anayesikia nne ndani ya mraba, isipokuwa mwalimu amsaidie kuusikia kwa kuyaweka maneno matatu ubaoni pamoja: mraba, robo, arobaini. Ni dakika mbili za somo, na darasa huzifurahia.

Mstatili ni mgumu zaidi, kwa sababu maana ya asili ya jina lake inaenda kinyume na hisabati. Umbo lililorefuka haliwezi kuwa mraba, ilhali katika jiometri kila mraba ni mstatili. Mtoto anayekataa kuuita mraba mstatili, kwa hiyo, anakubaliana na jina bila kujua, na hapaswi kukemewa. Pia hapaswi kulazimishwa kuukubali uhusiano huo akiwa Darasa la Pili, kwani huo ni ukweli wa kiwango cha tatu, nao hauna maana kwa mtu ambaye bado anaona maumbo kwa sura.

Kinachoweza kuepukwa ni ufafanuzi ambao utalazimika kubomolewa baadaye. Ufafanuzi uliozoeleka kuwa mstatili una pande mbili ndefu na pande mbili fupi ni wa aina hiyo. Unaonekana kumsaidia mtoto, na kwa mwaka mmoja unamsaidia kweli, lakini unaujenga ukuta kati ya mraba na mstatili ambao walimu wa madarasa ya juu watahangaika kuuvunja. Tena ufafanuzi huo unaukubali hata msambamba ulioinama, kwa kuwa nao una pande mbili ndefu na mbili fupi. Kilicho salama zaidi ni kuanzia kwenye pembe: mstatili ni pembenne ambayo pembe zake zote ni pembe mraba. Kauli hiyo itabaki kuwa kweli hadi chuo kikuu.

Swali la mtoto litakuwa: pembe mraba ni nini? Kuijibu kwa kusema ni pembe ya nyuzi 90 ni kumpa namba asiyoihitaji. Jibu linalofaa umri wake linapatikana kwenye kipande chochote cha karatasi, hata kilichochanwa ovyo. Karatasi hukunjwa mara moja, mkunjo ukapata mstari ulionyooka. Kisha hukunjwa mara ya pili ili nusu ya mstari huo ilale juu ya nusu ya pili. Kona inayopatikana ni pembe mraba kamili. Kila mwanafunzi sasa ana kipimo chake, hakikununuliwa, na anaweza kuzunguka darasani akikijaribu kwenye dirisha, daftari, dawati na ubao. Kona ambayo kipimo kinakaa sawasawa inakubaliwa. Inayoacha nafasi au inayokibana kipimo inakataliwa. Hapo mtoto ameacha kutegemea jicho.

Vitu vya mazingira

Walimu wengi huelekezwa kutumia vitu vya mazingira, na ushauri huo ni mzuri ukitekelezwa kwa makini. Orodha inayopatikana katika masomo mengi husema kuwa mpira ni duara, tofali ni mstatili na kopo ni duara pia. Hakuna hata kimoja kilicho sahihi. Mpira ni tufe, tofali ni mche mstatili, kopo ni mche duara. Duara na mstatili ni maumbo bapa, hayana unene, na mtoto hayawezi kuyashika mkononi. Anaweza kuyaona tu kama nyuso za vitu au kama alama zilizochorwa. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeasisi shule za chekechea katika karne ya 19, alilielewa jambo hili alipowapa watoto tufe, mche duara na mchemraba wa mbao kwanza, na maumbo bapa baadaye.

Njia ya kuvitenganisha viwili hivyo haihitaji vifaa vya gharama. Sehemu ya chini ya kopo ikichovywa kwenye tope laini na kubonyezwa juu ya karatasi, alama inayobaki ni duara. Kisanduku cha kiberiti kikibonyezwa kwa nyuso zake tofauti, hutoa mistatili mitatu isiyolingana. Mpira ukibonyezwa huacha doa tu, na doa hilo huzua mazungumzo mazuri kuliko picha yoyote ya kitabuni.

Kitu kimoja ambacho kila shule ya Tanzania inacho, na ambacho kinafaa kuliko vingi kwa somo la pembetatu, ni bendera ya Taifa. Mkanda mweusi wenye kingo za njano unaikatiza kutoka kona ya chini iliyo kwenye mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili, na kuacha pembetatu mbili. Ya buluu imekaa kwenye kitako chake. Ya kijani, iliyo juu upande wa mlingoti, haina kitako cha kukalia: upande wake wa kulala uko juu kabisa, na chini inaishia kwenye ncha. Mwanafunzi aliyezoea pembetatu ya kitabuni huenda akaitazama bendera hiyo kila asubuhi bila kuona pembetatu ndani yake. Karatasi iliyokatwa kwa mfano wa ile ya buluu ikigeuzwa nusu mzunguko hukaa sawasawa juu ya ile ya kijani, nalo ni thibitisho tosha kuwa mkao haubadilishi umbo. Mkanda mweusi nao ni mtego mzuri. Wengi watasema ni mstatili. Wakihesabu pembe zake kwa kidole hadi kwenye kona za bendera, watapata sita.

Pembesita inayofahamika zaidi kwa watoto wa pwani ni tundu la dema. Msukaji hupitisha vipande vya mianzi au fito katika mielekeo mitatu, na matundu hujitokeza yenyewe yakiwa na pande sita. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi nchini Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, aliutumia mtego wa samaki wa aina hiyo na vitu vingine vya kusukwa kuonyesha kuwa mikono ya wasusi inafikiri kijiometri, na kuwa shule inaweza kuanzia hapo. Hoja yake inafaa kuchukuliwa na walimu wa Kilwa au Pemba, mradi mtoto asionyeshwe dema kama pambo la somo. Asuke. Vipande vya karatasi vitatu vitatu vinatosha.

Kazi za mikono na swali la mwalimu

Kati ya mazoezi yanayofaa kwa darasa lenye wanafunzi wengi, la vijiti na udongo linastahili kupewa nafasi ya kwanza. Wanafunzi huunganisha vijiti vitatu kwa madonge ya udongo, kisha vijiti vinne vyenye urefu sawa. Wakivisukuma pembeni, umbo la vijiti vitatu hukataa kubadilika. La vijiti vinne hulala na kuwa rombasi. Urefu wa pande haukubadilika, bali pembe. Kwa hiyo pande nne zilizo sawa hazitoshi kuufanya mraba kuwa mraba. Mtoto wa fundi atajua pia kwa nini kenchi za paa hugawanywa kwa mbao za kushikilia zilizoinama.

Zoezi la mfuko ni jepesi zaidi: kadi ngumu yenye umbo fulani huwekwa ndani ya mfuko, mwanafunzi mmoja huipapasa bila kuiona na kuieleza, na wenzake hutaja jina. Mikono haijui juu wala chini, hivyo humwondolea mtoto ule mkao uliokuwa ukimdanganya.

Lakini mazoezi yote haya hubadilika thamani kulingana na swali linaloulizwa. Hili ni umbo gani? ni swali la kiwango cha kwanza, na mwanafunzi anaweza kulijibu kwa usahihi miaka yote bila kujua sifa hata moja. Umejuaje? ni swali la kiwango cha pili. Tofauti hiyo inaonekana zaidi mwanafunzi anapofika Kidato cha Kwanza, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza na jina linalohesabika hupotea. Aliyekuwa na sifa mkononi huzihamisha pamoja naye na kuzivisha jina jipya. Aliyekuwa na picha huhamia na picha.

Tathmini nayo inapaswa kufuata mkondo huo. Badala ya michoro minne ambayo mwanafunzi huichagulia majina, karatasi ya mtihani wa Darasa la Pili inaweza kuwa na pembetatu nyembamba iliyopinduka, mraba uliosimama kwenye ncha, umbo la pande tatu lisilofungika na kipande cha chapati, na kila mchoro uwe na nafasi ya kuandika sababu. Anayeandika kuwa wa pili si mraba kwa sababu umesimama vibaya amemwambia mwalimu wake mahali pa kuanzia kesho. Anayekikataa kipande cha chapati kwa sababu upande mmoja umepinda anastahili alama kamili, hata kama hajui jina la umbo hilo.